Ruthu, Boazi na Kiatu Kilichovuliwa Langoni

Mwanamume anavua kiatu chake mbele ya wazee 10, anamkabidhi mwenzake, na hapo shauri limekwisha: shamba limepata mwenyewe na mjane amepata mume. Bibi arusi hatajwi kuwa pale. Hakuna pete, hakuna ngoma, wala mahari inayohesabiwa mkekani. Ni kiatu kimoja tu, kilichotoka mguuni mwa mtu mmoja kikaingia mkononi mwa mwingine, langoni mwa Bethlehemu, katika msimu wa mavuno.

Ndivyo linavyothibitishwa shauri la ndoa ya Boazi na Ruthu katika kitabu cha Ruthu, hadithi fupi ya sura 4 na aya 85 iliyomo katika maandiko matakatifu ya Waebrania. Mwandishi wake alijua kwamba jambo hilo lingewatatiza wasomaji. Katikati ya sura ya mwisho anasimamisha masimulizi na kueleza kwamba hapo kale, katika Israeli, hivyo ndivyo watu walivyothibitisha ukombozi na mabadilishano ya mali. Kumbe hata wakati hadithi inaandikwa, desturi ya kiatu ilikuwa imekwisha kupitwa na siku.

Leo kitabu hiki husomwa zaidi kwa ajili ya uaminifu wa Ruthu kwa mama mkwe wake. Wapo pia wanaokitaja pale ukoo unapotaka mjane aolewe na ndugu wa marehemu, kana kwamba Biblia imekwisha kulikata shauri. Lakini anayezifuata ishara za hadithi hii moja baada ya nyingine, yaani nyumba ya mama, shayiri, upindo wa vazi, lango na kiatu, anakuta kila moja ilikuwa na kazi yake katika sheria na desturi za wakati huo. Na kazi hiyo haikuwa kumfanya mjane awe fungu la urithi. Ilikuwa kumpatia mwanamke asiye na kitu haki anayoweza kuidai mbele ya mashahidi.

Nyumba ya mama

Hadithi inaanza kwa njaa. Elimeleki wa Bethlehemu anamchukua mkewe Naomi na wana wao wawili, Mahloni na Kilioni, wanahamia Moabu, nchi ya nyanda za juu mashariki ya Bahari ya Chumvi, ndani ya Yordani ya leo. Mwaka 1868, huko Dhiban, lilipatikana jiwe la mfalme Mesha wa Moabu aliyetawala karne ya 9 kabla ya Kristo (KK), ambalo sasa liko katika jumba la makumbusho la Louvre mjini Paris. Maandishi yake yanaonyesha kwamba Kimoabu na Kiebrania zilikuwa lugha ndugu. Watu wa pande hizo mbili waliweza kusikilizana, lakini hawakupendana. Torati inamkataza Mmoabi kuingia katika kusanyiko la Bwana hata kizazi cha 10.

Elimeleki anafariki ugenini. Wanawe wanaoa wasichana wa Kimoabu, Orpa na Ruthu, na baada ya miaka kama 10 nao wanakufa bila kuacha watoto. Wanabaki wajane watatu, mmoja mzee na wawili vijana, njiani kuelekea nchi ambayo mmoja wao tu ndiye anayeijua.

Njiani Naomi anawasihi wakwe zake warudi, kila mmoja kwenye nyumba ya mama yake. Msomaji wa kale angetarajia kusikia nyumba ya baba, kwa kuwa huko ndiko mjane asiye na mtoto alikorudishwa. Tamari, mkwe wa Yuda katika kitabu cha Mwanzo, alirudishwa kwa baba yake. Nyumba ya mama inatajwa mara chache sana katika Biblia ya Kiebrania. Rebeka, baada ya kuvishwa pete ya puani na bangili za dhahabu kisimani na mtumishi wa Ibrahimu, alikimbilia nyumba ya mama yake kutoa habari. Wimbo Ulio Bora unaitaja mara mbili, na katika sehemu zote hizo kuna uchumba au mapenzi yanayonukia ndoa. Carol Meyers, mtafiti wa Kimarekani wa maisha ya wanawake katika Israeli ya kale, ameona hapo alama ya kauli waliyokuwa nayo akina mama katika kupanga ndoa za watoto wao. Kwa hiyo Naomi hawafukuzi wakwe zake. Anawarudisha mahali ambapo shauri la mume mwingine linaweza kuanza upya, na anawaombea wapate raha, kila mmoja katika nyumba ya mumewe.

Wanapokataa kuondoka, anawapa sababu ngumu zaidi: tumboni mwake hamna tena wana wa kuwaoa, na hata angepata mume usiku huohuo akazaa, wao wasingeweza kusubiri watoto hao wakue. Nyuma ya maneno hayo imesimama sheria iliyoandikwa katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 25. Ndugu wakikaa pamoja na mmoja akafa bila mwana, mkewe asiolewe nje na mgeni. Ndugu wa marehemu amwoe, na mtoto wa kwanza atakayezaliwa ahesabiwe kwa jina la marehemu, lisije likafutika katika Israeli.

Desturi hiyo haikuwa ya Waebrania peke yao. Sheria za Wahiti, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, ziliruhusu mjane achukuliwe na ndugu wa mumewe, na baada yake hata na baba mkwe. Sheria za Waashuri nazo zinalitaja jambo hilohilo. Katika jamii ambazo ardhi ilishikwa na ukoo na kupita kwa wanaume, mjane asiye na mwana alikuwa pabaya. Kitabu cha Hesabu, sura ya 27, kinapanga warithi wa mtu kwa zamu: mwana, binti, ndugu zake, ndugu za baba yake, kisha jamaa wa karibu. Mjane hayumo kabisa. Mtoto wa kiume ndiye aliyekuwa hati yake ya kukaa.

Orpa anambusu mama mkwe wake na kurudi. Kitabu hakimlaumu hata kwa neno moja. Ruthu anang'ang'ania kubaki, na kiapo anachokitoa, cha kwenda aendako Naomi na kuzikwa atakapozikwa, sasa husomwa katika arusi nyingi za Kikristo kana kwamba ni maneno ya bibi arusi kwa bwana arusi. Ukweli ni kwamba yalitamkwa na mjane kijana akimwambia mjane mzee, na hakukuwa na sheria yoyote ya kumlazimisha kuyasema. Agano la kwanza katika kitabu hiki ni la wanawake wawili.

Shayiri na maji

Wanaingia Bethlehemu shayiri inapoanza kuvunwa. Kibao kidogo cha chokaa kilichochimbuliwa Gezeri mwaka 1908, ambacho ni cha karne ya 10 KK, kinataja kazi za mkulima mwezi kwa mwezi, na mavuno ya shayiri yana mwezi wake. Shayiri hutangulia, ngano hufuata. Kati ya Pasaka na Sikukuu ya Majuma zinapita wiki 7, na hadithi ya Ruthu mashambani inaenea katika kipindi hichohicho, tangu shayiri ya kwanza hadi ngano ya mwisho. Ndiyo sababu Wayahudi wana desturi ya kukisoma kitabu hiki kila mwaka katika Sikukuu ya Majuma.

Ruthu anakwenda kuokota masazo. Hiyo nayo ilikuwa haki, si hisani ya mwenye shamba. Torati inamwamuru mkulima asivune hadi kwenye pembe za shamba wala asirudi kukusanya kilichoanguka, bali amwachie maskini, mgeni, yatima na mjane. Ruthu alikuwa mgeni na mjane kwa pamoja, na maskini juu yake.

Shamba alilolifikia ni la Boazi, mtu mwenye mali na jamaa wa Elimeleki. Boazi anawaamuru vijana wake wasimguse, amri inayoonyesha hatari aliyokuwa nayo mwanamke wa kigeni peke yake kati ya wavunaji. Wakati wa chakula anamkaribisha achovye tonge lake katika siki na kumpa bisi za shayiri, anakula hadi anasaza. Kisha kuna jambo dogo la maji: Ruthu akiona kiu, aende kwenye vyombo anywe maji waliyoyateka vijana.

Robert Alter, mhakiki wa fasihi ya Kiebrania, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1981 kwamba hadithi za uchumba za Waebrania zina mtindo wake. Mwanamume anasafiri ugenini, anafika kisimani, anakutana na msichana, maji yanatekwa, msichana anakimbia nyumbani kutoa habari, na mwisho ni posa. Ndivyo walivyopatikana Rebeka, Raheli na Sipora. Katika kitabu cha Ruthu kila kitu kimepinduliwa. Aliyesafiri ugenini ni mwanamke, na waliochota maji ni wanaume. Msikilizaji wa kale aliyezoea masimulizi ya kisimani angeanza kunusa arusi palepale shambani, kabla Boazi mwenyewe hajaiwaza.

Jioni Ruthu anapura alichokiokota na kupata kama efa moja ya shayiri, karibu lita 22, yaani debe moja na zaidi kidogo. Kwa siku moja ya kuokota mabaki, hicho ni kiasi kikubwa. Naomi anaiona nafaka hiyo, anauliza alikookotea, na aliposikia jina la Boazi anaanza kuhesabu nasaba kichwani: mtu huyu ni mmoja wa wenye haki ya kuwakomboa.

Upindo wa vazi ugani

Naomi ndiye anayepanga kinachofuata. Anamwambia Ruthu aoge, ajipake mafuta, avae vazi lake na kushuka usiku hadi uga wa kupuria, ambako Boazi analala kulinda nafaka aliyoipepeta.

Kuoga, kupaka mafuta na kubadili nguo zina maana mbili katika maandiko hayo. Nabii Ezekieli anautumia mpangilio huohuo anapoeleza jinsi bibi arusi anavyoandaliwa. Lakini mfalme Daudi naye, mtoto wake alipofariki, aliinuka, akaoga, akajipaka mafuta na kubadili mavazi, akawa amemaliza siku za huzuni. Tamari alivua nguo zake za ujane kabla ya kwenda kumdai Yuda haki yake. Wasomaji wa Pwani wanaofahamu namna mwanamke anavyotoka eda wataelewa bila kuambiwa sana: kwa macho ya watu, vazi la Ruthu lilikuwa likitangaza kwamba matanga yamekwisha na anaweza kuposwa.

Uga wa kupuria haukuwa mahali pa heshima kwa mwanamke usiku. Nabii Hosea anaziunganisha nyuga za nafaka na ujira wa makahaba. Ruthu anajua anachohatarisha, na mwandishi anaupa usiku huo sitara yake: anaeleza kwamba aliifunua miguu ya Boazi na kujilaza hapo, na zaidi ya hayo anakaa kimya.

Usiku wa manane Boazi anashtuka na kuuliza ni nani. Naomi alikuwa amemwagiza Ruthu asubiri, kwamba mwanamume huyo ndiye atakayemwambia la kufanya. Ruthu hasubiri. Anataja jina lake, kisha anamwambia Boazi autandaze upindo wa vazi lake juu yake, kwa sababu yeye ni jamaa mwenye haki ya kukomboa.

Kutandaza upindo wa vazi juu ya mwanamke kulikuwa ishara ya kumchukua kuwa mke. Ezekieli anaitumia picha hiyohiyo anapomfananisha Mungu na mume anayeufunika uchi wa Yerusalemu kwa vazi lake na kuingia naye katika agano. Desturi hiyo haijafa: katika baadhi ya jumuiya za Kiyahudi, hadi leo, vazi la sala hutandazwa juu ya vichwa vya maarusi wakati wa kubarikiwa. Kwa Kiebrania upindo wa vazi na bawa la ndege vina jina moja, na hapo ndipo ombi la Ruthu linapokuwa na makali. Siku ya kwanza shambani, Boazi alimwombea baraka kwa Mungu wa Israeli, ambaye chini ya mabawa yake Ruthu alikuja kutafuta kimbilio. Sasa mwanamke huyo anamrudishia baraka yake na kumtaka yeye mwenyewe awe bawa hilo.

Kuna jambo kubwa zaidi ndani ya ombi hilo. Torati ina sheria moja ya ukombozi wa ardhi, katika Mambo ya Walawi sura ya 25: mtu akifukarika na kuuza sehemu ya shamba lake, jamaa wa karibu aje alikomboe. Ina sheria nyingine ya ndoa ya mjane, ile ya Kumbukumbu la Torati, nayo inawahusu ndugu wa marehemu. Hakuna mahali inaposema kwamba anayekomboa shamba lazima amwoe mjane. Boazi hakuwa ndugu wa Mahloni, marehemu mume wa Ruthu, wala sheria haikumbana. Anayezifunga sheria hizo mbili kwa kauli moja ni Ruthu, mwanamke wa Moabu, gizani, akizungumza na mtu aliyemzidi kwa umri na mali.

Boazi hakasiriki. Anamwita mwanamke hodari, kwa maneno yaleyale ambayo Mithali sura ya 31 inayatumia kwa mke mwema. Katika baadhi ya nakala za kale za Kiebrania, kikiwemo kitabu maarufu cha Leningrad cha mapema karne ya 11 baada ya Kristo, Ruthu hufuata mara tu baada ya Mithali, kwa hiyo msomaji anapofunga ukurasa wa mke hodari anamkuta Ruthu mlangoni.

Kabla hapajapambazuka, Boazi anampimia vipimo 6 vya shayiri katika shuka yake, asirudi kwa mama mkwe wake mikono mitupu. Kitabu hakiiti nafaka hiyo mahari. Kwa kweli mahari haitajwi popote katika sura hizi 4, ingawa Waebrania waliijua vyema. Yakobo alichunga mifugo ya Labani miaka 7 kwa ajili ya Raheli, akatumika mingine 7. Hapa nafaka inamlenga Naomi. Ni yeye aliyewaambia wanawake wa Bethlehemu kwamba aliondoka amejaa, na Bwana akamrudisha mtupu. Boazi anajibu malalamiko hayo kwa chakula, hata kabla hajaenda langoni.

Lango na kiatu

Lango la mji lilikuwa soko, kituo cha habari na mahakama. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta mabenchi ya mawe katika malango ya miji kama Dani na Beer-sheba, mahali pa wazee kukaa. Boazi anakwenda kuketi hapo, anamsimamisha jamaa aliye karibu zaidi kwa damu, anakusanya wazee 10. Talmudi ya Kiyahudi inalichukua tukio hili kuwa msingi wa sharti lililopo hadi leo, kwamba baraka za arusi zisomwe palipo na watu wazima 10.

Boazi anaanza na shamba. Naomi anaiuza sehemu iliyokuwa ya Elimeleki. Je, jamaa huyo ataikomboa? Anajibu kwamba ataikomboa. Ndipo Boazi anapolileta sharti la pili: kumpokea Ruthu Mmoabi, mke wa marehemu, ili jina la marehemu lisimame juu ya urithi wake. Jamaa anageuka mara moja. Hawezi, asije akauharibu urithi wake mwenyewe.

Hesabu yake inaeleweka. Angekomboa shamba peke yake, lingeongeza mali ya watoto wake. Angekomboa shamba na kumwoa Ruthu, angetoa fedha mfukoni mwake, kisha mtoto wa Ruthu angelichukua shamba hilo kwa jina la Mahloni. Angelipia mali isiyokuwa yake. Boazi anaijua hesabu hiyo na yuko tayari kupata hasara.

Basi jamaa anavua kiatu. Kwa nini kiatu? Katika maandiko ya Kiebrania, kukanyaga nchi ni kuimiliki. Yoshua anaahidiwa kila mahali nyayo za miguu yao zitakapokanyaga. Nuzi, mji wa kale karibu na Kirkuk nchini Iraki uliochimbuliwa kati ya mwaka 1925 na 1931, ulitoa maelfu ya vibao vya udongo vya karne ya 15 na 14 KK. Mwaka 1937 mtaalamu Ernest Lacheman alionyesha kwamba katika baadhi ya vibao hivyo mwenye shamba anaelezwa akiinua mguu wake kutoka kwenye mali yake na kuuweka mguu wa anayeipokea mahali pake. Kiatu cha Bethlehemu ni cha ukoo huohuo wa ishara. Anayekivua anasema mbele ya watu kwamba hatakanyaga tena pale.

Torati inakijua kiatu kingine, kikali zaidi. Ndugu wa marehemu akikataa kumwoa mjane, mjane mwenyewe anapanda langoni, anawashtakia wazee, anamvua kiatu, anamtemea mate usoni, na nyumba ya mtu huyo inaitwa nyumba ya aliyevuliwa kiatu. Katika kitabu cha Ruthu hakuna mate wala aibu, na mwanamume anajivua mwenyewe. Tofauti hiyo ilimsumbua Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya 1 baada ya Kristo. Alipoisimulia upya hadithi hii alimleta Ruthu langoni na kumfanya amvue jamaa huyo kiatu na kumtemea mate kama sheria ilivyosema. Lakini mwandishi wa kitabu alichagua njia nyingine: jamaa anaruhusiwa kukataa na kwenda zake. Adhabu aliyopata ni ya masimulizi tu. Aliogopa kuharibu urithi wake, na mwandishi hakumwachia hata jina.

Wazee na watu wote wanajitangaza kuwa mashahidi. Wanamwombea Ruthu awe kama Raheli na Lea, na nyumba ya Boazi iwe kama nyumba ya Peresi, ambaye Tamari alimzalia Yuda. Tamari hatajwi kwa bahati. Naye alikuwa mjane aliyenyimwa haki na ukoo wa mumewe. Yuda alimkalia kimya na mwanawe wa tatu asimpe. Tamari alijifunika shela, akalala na Yuda bila kutambuliwa, akachukua muhuri wake, kamba yake na fimbo yake kuwa rehani, na alipokuwa karibu kuchomwa moto kwa uzinzi alivitoa vitu hivyo vitatu. Yuda akakiri kwamba mwanamke huyo ana haki kuliko yeye. Wazee wa Bethlehemu, wote wakiwa uzao wa Yuda, wanambariki mjane mmoja kwa kumtaja mwingine.

Mtoto mwenye mama wawili wa kumshangilia

Mtoto anapozaliwa, wanaompa jina si Boazi wala Ruthu. Ni wanawake majirani, na wanasema Naomi amezaliwa mwana. Wanamwambia pia kwamba mkwe wake ni mwema kwake kuliko wana 7, sifa nzito katika hadithi iliyoanza kwa mama kupoteza wana wawili. Mtoto ni Obedi, baba wa Yese, baba wa Daudi. Kitabu kinafungwa kwa orodha ya vizazi 10 kutoka Peresi hadi mfalme huyo, na humo Mahloni, ambaye jina lake lilipaswa kusimamishwa, hayumo. Anayehesabiwa ni Boazi. Karne nyingi baadaye Injili ya Mathayo ilipoandika ukoo wa Yesu iliwaweka wote, Tamari na Ruthu.

Marabi walilazimika kuieleza nasaba hiyo, kwa sababu mama wa babu yake Daudi alikuwa Mmoabi na Torati ilikuwa imemfungia Mmoabi mlango. Jibu lao lilikuwa kwamba katazo hilo liliwahusu wanaume wa Moabu, si wanawake. Baadhi ya wataalamu wa siku hizi wanakitazama kitabu chote kama jibu kwa enzi za Ezra na Nehemia, wanawake wa kigeni walipokuwa wakifukuzwa majumbani.

Desturi iliyobaki

Sheria ya Kumbukumbu la Torati ilizaa fungu zima la Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, fungu liitwalo Yevamot, lenye sura 16. Kadiri karne zilivyopita jumuiya nyingi za Kiyahudi ziliacha ndoa yenyewe na kubaki na tendo la kiatu, liitwalo halitsa. Mjane na ndugu wa marehemu husimama mbele ya mahakama ya marabi. Mwanamume huvaa mguu wa kulia kiatu maalumu kilichoshonwa kwa ngozi tupu na kufungwa kwa kamba. Mwanamke huzifungua kamba kwa mkono wa kulia, hukivua na kukitupa, kisha hutema mate chini mbele ya shemeji yake. Baada ya hapo yuko huru kuolewa na amtakaye. Mwaka 1950 marabi wakuu wa Israeli walipiga marufuku ndoa ya shemeji na kuagiza halitsa peke yake itumike.

Afrika Mashariki inaijua desturi ya namna hii kutoka ndani. Waluo wa Kenya na Tanzania wanaiita tero. Miongoni mwa Wanuer wa Sudan Kusini, mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard aliandika mwaka 1951 jinsi watoto wanaozaliwa na ndugu wa marehemu wanavyohesabiwa kuwa wa marehemu, kama Torati ilivyoagiza kwa mtoto wa kwanza. Ndiyo maana kitabu cha Ruthu kikisomwa huku hakisikiki kama habari za mbali. Mwanateolojia wa Kenya Musimbi Kanyoro alikisoma pamoja na wanawake wa kijiji cha Bware, magharibi mwa Kenya, na mwaka 2002 akachapisha kitabu juu ya namna utamaduni wa msomaji unavyoingia katika usomaji wake.

Sheria za nchi nazo zimekwisha kusema. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inampa mjane uhuru wa kukaa apendapo, kubaki bila mume au kuolewa na mwanamume anayemchagua. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa majumbani inataja kumrithi mjane kwa nguvu kuwa ni ukatili. Bado kuna wajane wanaoambiwa wachague kati ya shemeji na mlango, huku shamba na mabati yakigawanywa kabla arobaini haijafika, na aya za Biblia zikisomwa juu ya vichwa vyao.

Anayemsomea mjane kitabu cha Ruthu kwa nia hiyo inampasa amsomee sura zote 4. Amsomee Orpa, aliyerudi kwao akiwa na baraka za mama mkwe wake na hakudaiwa kitu. Amsomee usiku wa ugani, ambako ombi la ndoa lilitoka kinywani mwa mjane mwenyewe. Amsomee jamaa aliyekataa na akaruhusiwa kukataa, na Boazi aliyekubali huku akijua kwamba shamba analolilipia litahesabiwa kwa jina la marehemu. Kisha awaulize ndugu waliokaa mbele yake ni nani kati yao aliye tayari kwa masharti hayo.